Seva Imewekwa, Nani Atailea?

(Mhadhara uliotolewa Mbale mbele ya mafundi wa kompyuta, watunza kumbukumbu za afya na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo)

Nimetoka Jinja alfajiri kwa njia ya Tirinyi, na safari nzima nilikuwa na namba moja kichwani. Namba hiyo ni 20. Naomba nianze kwa kuwaeleza ilikotoka, kwa sababu yote nitakayosema leo yameanzia hapo.

Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja jina, kiliniita nikiwekee seva. Wengi wa wanachama wake walikuwa akina mama wa sokoni, wauza matooke na samaki, pamoja na vijana wa boda boda. Kazi ilinichukua siku tatu. Niliweka mfumo endeshi, nikaweka hifadhidata, juu yake nikaweka programu ya hesabu za wanachama, kisha nikaunganisha kompyuta nne za kaunta. Jioni ya siku ya tatu skrini iliandika kwamba usakinishaji umekamilika. Tulipiga picha. Mwenyekiti alitia sahihi hati ya kukamilika kwa kazi, nikalipwa salio langu, tukanywa soda. Kabla sijaondoka niliandika amri fupi ya kuifanya mashine itoe bakapu kila usiku na kuiweka kwenye diski ya nje, faili moja kwa kila siku, tarehe ikiwa kwenye jina la faili.

Mwezi wa saba tangu niondoke, diski ya seva ilikufa. Mhasibu alinipigia simu akiwa ametulia kabisa, kwa kuwa alijua bakapu zipo: kila Ijumaa alifungua lile folda akayahesabu mafaili. Na kweli yalikuwepo, moja kwa kila usiku, wala hakuna tarehe iliyorukwa. Nilipotazama ukubwa wake, nikaona kwamba kwa miezi mitano mfululizo kila faili lilikuwa na baiti 20.

Wenzangu wa kazi hii wameshaelewa. Baiti 20 ni ukubwa wa faili lililobanwa ambalo ndani yake hamna kitu, bahasha iliyogundishwa vizuri bila barua. Miezi miwili baada ya mimi kuondoka, mtu mmoja makini pale ofisini alibadilisha nywila ya hifadhidata. Alifanya jambo jema. Lakini amri yangu ya usiku ilibaki na nywila ya zamani. Kila usiku ilibisha hodi, ikafukuzwa, ikaibana bahasha yake tupu na kuiandika tarehe. Haikumwambia mtu yeyote, kwa sababu mimi sikuiagiza imwambie mtu.

Kosa lile ni langu, na ndiyo maana nalisema mbele yenu. Kilichokiokoa chama ni karatasi. Wanachama waliombwa walete vitabu vyao vya akiba, na kwa majuma matatu walipanga foleni tangu asubuhi, nasi tukiingiza upya kila amana na kila rejesho la mkopo. Mama mmoja, muuza samaki, kitabu chake kilikuwa kimelowa hata kurasa zikashikana. Tuliziachanisha kwa wembe, polepole, yeye akiwa amesimama juu yetu bila kusema neno, maana mle ndani ndimo ilimokuwa ada ya shule ya watoto wake. Mweka hazina, mzee ambaye tangu mwanzo hakuipenda kompyuta, hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, kuzaa si kazi, kazi kulea."

Basi leo nazungumzia kulea.

Kwanza tujue tunachokilea: seva kwa kawaida si programu moja. Chukueni mfano mnaoujua hapa Mbale na kule Jinja, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao UgandaEMR, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Shule ya Afya ya Umma, wameuendeleza pamoja na Wizara ya Afya. Umejengwa juu ya OpenMRS, na OpenMRS ni jirani yetu: ilianza mwaka 2004, na mahali pa kwanza ilipotumika, mwaka 2006, ni Eldoret, ng'ambo ya Mlima Masaba, katika kliniki za VVU zilizokuwa zikiendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake wa Marekani. Ili ukurasa wa mgonjwa uonekane kwenye skrini ya muuguzi, lazima kuwe na mfumo endeshi, juu yake Java, kisha Tomcat inayohudumia kurasa, MySQL inayotunza data, na hatimaye OpenMRS yenyewe. Ni vitu vitano vilivyotengenezwa na watu mbalimbali, wengi wao wakiwa mbali na Mbale. Kila kimoja kimekuja na mipangilio yake ya kuanzia, iliyokusudiwa kumfaa mtu yeyote popote duniani apate kukijaribu. Mipangilio inayomfaa kila mtu haijamfikiria mgonjwa wako.

Nywila ya kuanzia ya msimamizi wa OpenMRS imechapishwa katika mwongozo wake. Haikufichwa na wala haikukusudiwa kufichwa, kwa kuwa waliouandika walitarajia uibadilishe siku hiyo hiyo. Matoleo ya zamani ya MySQL yalikuja na watumiaji wasio na jina na hifadhidata ya majaribio iliyo wazi kwa yeyote, na hadi leo iko amri maalumu ya kuyafagia hayo, inayochukua dakika mbili. Tomcat huja na programu za mifano ambazo hospitali haina haja nazo hata kidogo. MySQL ikiachwa ilivyo hutenga megabaiti 128 tu za kumbukumbu kwa kazi yake kubwa, hata mashine yako iwe na gigabaiti 32, kisha watu wanalalamika kwamba seva mpya ni nzito wakati sehemu kubwa ya kumbukumbu yake imekaa bure. Hayo yote ni kazi ya asubuhi moja. Nimeingia ofisi ambazo hazijaifanya kwa miaka mitatu.

Sasa niongee kuhusu saa, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu ni jambo dogo lenye madhara makubwa na sijaona mwongozo wowote unaolieleza kwa watu wetu.

Seva nyingi zikiwekwa hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Mtoto akizaliwa wodini saa nane usiku tarehe 1 Julai, mashine ambayo haijarekebishwa itaandika tarehe 30 Juni. Amezaliwa mwezi uliopita, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai, amezaliwa mwaka wa fedha uliopita. Ripoti ya mwezi haitalingana na daftari la mkunga, na mkunga ndiye atakayeitwa kujieleza ingawa daftari lake ndilo sahihi. Halafu kuna saa yetu wenyewe. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, Waganda na Wasoga vilevile. Mkurugenzi anamwambia kijana, "Bakapu ifanyike saa nane usiku, watu wakiwa wamelala." Kijana anaandika 8. Mashine haijui Kiswahili. Kwake 8 ni saa mbili asubuhi, wakati foleni ya kaunta imefika barabarani. Kila asubuhi mfumo unakwama kwa nusu saa, na kila mtu analaumu mtandao. Nimeliona hili kwa macho yangu mara mbili, katika miji miwili. Andikeni saa kwa namna zote mbili kwenye karatasi ya makabidhiano, na mkishaiandika subirini usiku mmoja mwone imetokea lini.

Nije kwenye umeme. Mimi ni mzaliwa wa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi watoto wa kila kabila. Tulikua tukisikia kwamba tunakaa mahali unapozaliwa umeme wa nchi. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Kiira ikafuata, na Bujagali ya megawati 250 ikazinduliwa mwaka 2012. Pamoja na hayo umeme wa Walukuba hukatika, kama unavyokatika mtaa wa Namatala hapa Mbale. Mwaka 2025 tulizungumza sana juu ya kampuni ya Umeme kuondoka na kampuni ya serikali ya UEDCL kuchukua nafasi yake mwisho wa Machi, lakini msimamizi wa seva hapaswi kungoja kampuni yoyote. Umeme utakatika, na swali lake ni moja: ukirudi, nani anaamka kwanza?

Maana yake ni hii. Umeme ukirudi saa kumi alfajiri mashine inajiwasha. Tomcat ikiamka kabla ya MySQL, inaitafuta hifadhidata, haioni, inakata tamaa na kubaki hivyo. Saa mbili asubuhi muuguzi anakuta ukurasa mweupe, anampigia fundi, na fundi yuko Soroti. Kumbe ilihitajika kupanga tu nani atangulie na nani asubiri. Vilevile ile betri ya akiba mliyonunua kwa fedha nyingi haikuletwa ili mfanye kazi gizani. Imeletwa ili iwape dakika chache za kuizima seva kwa adabu, na ili ifanye hivyo usiku pasipo na mtu, lazima ule waya mdogo unaotoka kwenye betri uchomekwe kwenye seva na programu yake iwekwe. Nimeukuta waya huo ukiwa bado kwenye boksi, na mfuko wake wa plastiki haujafunguliwa, mara nyingi kiasi kwamba sasa ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta nikiingia chumba cha seva. Betri zenyewe huzeeka. Baada ya miaka michache hulia kidogo na kuzima papo hapo. Njia ya kujua ni kuchomoa waya wa ukutani jioni, kazi ikishafungwa na bakapu ikishachukuliwa, mkae na saa mkononi mwone kama seva itajizima salama na kama itaamka yenyewe bila mkono wa mtu. Fanyeni hivyo jioni ya amani. Msipofanya, usiku wa radi utafanya kwa niaba yenu.

Ninyi wa Mbale sina haja ya kuwakumbusha usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mbele ya msiba wa namna hiyo kompyuta ni kitu kidogo. Lakini asubuhi yake wagonjwa walihitaji dawa zilezile za jana, na wenye akiba walihitaji akiba yao kuliko siku nyingine yoyote. Seva iliyokaa sakafuni chini ya ngazi, na bakapu yake ikiwa kwenye droo ya meza ileile, ni mali moja iliyowekwa mahali pamoja. Na wanaosema kwamba sasa kila kitu kitatunzwa nje kwa njia ya intaneti wakumbuke Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwa takriban siku tano.

Kwa hiyo nina pendekezo, na naomba lijadiliwe kwa uzito. Taasisi moja ya Jinja na moja ya Mbale zitunziane nakala. Kila juma diski moja, data yake ikiwa imesimbwa kwa ufunguo ambao mwenye data peke yake anao, ipande gari kutoka Mbale kwenda Jinja, na nyingine irudi. Tuna mabasi na taksi kila saa. Nauli ya mjumbe mmoja ni ndogo kuliko gharama ya diski yenyewe. Kusimba ni lazima, si hiari: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na zikivuja atoe taarifa kwa mamlaka mara moja. Diski ya wagonjwa wa VVU ikidondoka kwenye kituo cha mabasi bila kusimbwa, kuna ndoa zitakazovunjika kwa sababu yake.

Nimesema sana juu ya nakala. Lakini mafaili yangu yale ya baiti 20 yalikuwa nakala pia, na yalikuwa nje ya seva. Kilichokosekana ni kurudisha.

Kama mnadhani haya ni matatizo ya miji yetu midogo, sikilizeni kilichowapata GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi mmoja aliyechoka alifuta data kwenye seva ambayo hakuikusudia. Alipogundua na kusimamisha, karibu gigabaiti 300 zilikuwa zimekwenda. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kurudufu data, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Bakapu ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa sababu chombo cha kuitoa kilikuwa cha toleo la zamani kuliko hifadhidata. Barua pepe za kuonya zilitumwa, zikakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa, na kazi ya saa hizo sita ikapotea. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliyaandika yote hadharani. Niliposoma maelezo yao nilimwona mhasibu wangu akihesabu mafaili siku ya Ijumaa.

Zoezi la kurudisha halihitaji mashine ya bei. Chukua kompyuta kuukuu iliyolala stoo. Iwekee programu zilezile, matoleo yaleyale. Leta bakapu ya jana, irudishe humo, kisha ifungue kama mtumiaji wa kawaida anavyofungua. Hesabu wagonjwa au wanachama, linganisha na seva hai. Tafuta stakabadhi ya mwisho ya jana mchana. Pima muda tangu ulipoanza, uandike, maana mkurugenzi atakapokuuliza siku ya maafa "tutarudi lini?" unapaswa kuwa na jibu ulilolipima. Na asifanye fundi peke yake. Awepo mtu mwenye data, anayejua namba zinavyopaswa kuwa. Mimi ningeweza kuuona ukubwa wa faili, lakini mhasibu tu ndiye angejua kwamba amana ya fulani imekosekana.

Juu ya kusasisha programu nitasema maneno machache. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la Windows tarehe 14 Machi 2017, na virusi vya WannaCry vikaingia kupitia tundu hilohilo tarehe 12 Mei. Ilikuwa karibu miezi miwili, na bado hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Ile kompyuta kuukuu ya stoo itawasaidia hapa pia: jaribuni sasisho humo kwanza, kisha kwenye seva hai.

Linaloniumiza zaidi si la kiufundi. Zabuni zetu hununua mashine. Zinataja chapa, ukubwa wa diski, idadi ya kompyuta za kaunta na hata rangi ya kebo, lakini hazitaji mtu atakayekuwepo mwezi wa nne baada ya mashine kuwekwa. Mradi wa wafadhili unakuja, unaweka, unafundisha siku mbili, unapiga picha, unaondoka. Aliyefundishwa anahamishwa wilaya nyingine na nywila zinahama naye kichwani. Nimeitwa kufungua seva ambayo mtu pekee aliyejua nywila yake alikuwa amefariki. Familia ikiwa katika matanga, ofisi inatuma mtu kuuliza kama marehemu aliacha daftari. Hilo ni jambo la aibu kwetu sote, na dawa yake ni karatasi mbili ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya taasisi, watu wawili wenye kujua, na mstari mmoja wa bajeti kila mwaka kwa ajili ya betri, diski na posho ya mtu huyo. Mstari huo ukikosekana, msinunue seva. Bakini na madaftari. Daftari halijawahi kumdanganya mtu kwamba limejaa wakati ni tupu.

Basi nawaomba ninyi mnaotia sahihi, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa shule, wenyeviti wa vyama, hapa Bugisu na kwetu Busoga. Fundi akikuletea hati ya kukamilika kwa kazi, usiitie sahihi. Mwambie azime seva, achukue bakapu ya jana, airudishe kwenye mashine nyingine mbele yako, kisha akuoneshe jina unalolitaja wewe. Akikasirika, zuia salio lake. Hata akiwa mimi.

Chama kile bado kipo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanafanya zoezi la kurudisha, na anayelisimamia ni yule mzee mweka hazina. Anachagua mwenyewe kitabu kimoja cha akiba, anakifungua ukurasa wa mwisho, anakifunika kwa mkono, na kuomba salio lisomwe kutoka kwenye kompyuta ya stoo. Mara ya mwisho nilikuwepo. Kazi nzima ilichukua saa moja na dakika arobaini, na salio lililingana na la kitabuni hadi shilingi ya mwisho.